Eloisa Anahesabu Spoku

Duitama, saa kumi na moja alfajiri.
Baridi inabana masikio kama koleo.
Nashuka ngazi kwa soksi, kiatu mkononi, kama mwizi,
nikajiibie saa mbili na mlima kabla ya kazi,
namkuta ameshafika.

Amekaa sakafuni na nguo za kulalia,
kajifunika ruana ya mama yake, ile nzito ya sufu,
kidole kikipita katikati ya spoku:
moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja.
Hapo hesabu zake huishia.
Anarudi moja.
Gurudumu lina spoku thelathini na mbili.
Sijamwambia.

Ana miaka minne kasoro wiki tatu.
Jina la shangazi yake wa Tunja halijui,
yule amleteaye peremende kila Pasaka;
humwita "yule wa kofia."
Lakini valvu anaijua, breki anaijua,
grisi anaitambua kwa harufu akiwa bado kitandani,
na mnyororo anauita nyoka wetu.
Kengele alilala nayo mwezi mzima.
Usiku mmoja Leonilde alijaribu kuitoa chini ya mto,
ikalia,
nyumba nzima tukaamka kumfungulia mgeni.

Mimi nilikuwa nimemwekea urithi mwingine.
Nilimwekea mwinuko: kifua kinavyowaka
kwenye kona ya mwisho, pale penye msalaba wa mawe,
na mashamba ya viazi yanavyokufungukia chini ghafla,
viraka juu ya viraka.
Nilimwekea redio ya Jumapili, mashindano,
watangazaji wakipiga kelele hadi wakohoe.
Ananisikiliza kwa adabu,
kama mtoto anayengoja watu wazima wamalize kusali
ili chakula kipakuliwe.

Yeye anataka baiskeli ipinduliwe, miguu juu.
Anataka kuzungusha pedali kwa mkono, kisha aachie,
asikilize tiki tiki tiki
tiki
tiki
mpaka gurudumu lichoke lenyewe.
"Inasema nini?" nikamuuliza.
"Inahesabu. Inajua nyingi kuliko mimi."

Jumamosi moja nilimpakia mbele,
kwenye kiti alichokichomelea mzee Ubaldo
kwa vyuma vya kitanda cha hospitali.
Tulikuwa tunapanda kwa bibi yake, mvua ya rasharasha,
mimi nikihema, yeye akinihimiza, "Gia, baba, gia!"
Mnyororo ukakatika.
Yakanitoka maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia.
Lori la maziwa likapita, likatugawia tope.
Nilipogeuka, alikuwa ameshateremka.
Ameuokota kwa mikono miwili,
hivi, kama anavyookotwa kifaranga aliyeanguka kiotani,
anaupangusa kwa ruana,
ile nyeupe, ya harusi ya mama yake.
"Pole," akasema.
Si kwangu. Kwa mnyororo.

Kilomita nne tulikwenda kwa miguu.
Mimi nasukuma, yeye kauvaa shingoni
kama mkufu wa malkia aliyetoka gereji.
Bibi yake alipotufungulia, hakuuliza kitu.
Alichemsha maji ya sukari guru,
akaleta beseni mbili: moja ya mtoto,
na ya pili, kwa amri ya mtoto, ya nyoka.

Doa halikutoka.
Leonilde alilisugua kwa chumvi, kwa ndimu, kwa hasira,
kisha akaitundika ruana nyuma ya mlango
doa likitazama nje,
na wageni wakiuliza huwajibu, "Waulizeni hao wawili."

Leo tena, saa kumi na moja.
Kiatu mkononi, ngazi, baridi yake ileile.
Nimesimama nyuma yake bila kukohoa.
Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Kidole kikasita.
Kikagusa chuma kinachofuata, kikakigusa tena,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua.
"Kumi na mbili," akasema,
polepole sana, bila kugeuka.

Nimeketi sakafuni.
Mlima nimeuona dirishani, kumeshapambazuka, ukanipita.
Zimebaki ishirini.
Sijamwambia.